Jinsi ya kuomba maktaba ikuonyeshe rekodi zako, na polisi wakizitaka inakuwaje

Hii ni ya wasomaji wa maktaba hapa Kenya. Nimekaa dawati la kuazimisha vitabu miaka mingi na kinachoniuma ni vile watu hawajui maktaba inaweka nini juu yao: jina, namba ya kitambulisho, simu, kila kitabu ulichochukua na siku uliyorudisha, na kama unatumia kompyuta za pale hata saa uliyoingia inaweza kuwa imeandikwa. Sasa mtu amesoma kuhusu ukimwi, ama talaka, ama vile unamshtaki mwajiri wako, hiyo si ya kila mtu kujua. Katiba kifungu cha 31 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza.

Anza na barua. Kanuni za 2021 zina fomu ya kuomba kuona data yako, ukiipata itumie. Andika wazi unataka nini, usiseme tu "data yangu", sema historia ya vitabu, kumbukumbu za kompyuta, na kama kuna mtu wa nje amepewa, ni nani. Beba kitambulisho. Peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ubaki nayo, manake bila muhuri watakuambia hawajaona kitu. Wana siku 7 kukujibu na hulipi.

Ukishaona, omba wafute wasichohitaji tena, mfano vitabu ulivyorudisha zamani na huna faini. Hapo wana siku 14, wakikataa waseme sababu kwa maandishi. Hii ndiyo hatua naipenda sana, maktaba haiwezi kumpa mtu kitu ambacho haina. Lakini kama polisi washaulizia rekodi hizo usijaribu kufutisha, itaonekana unaharibu ushahidi na utajiletea kesi nyingine.

Polisi wakija je? Nyinyi mnaofanya kaunta, msifungue kompyuta kwa sababu mtu amevaa sare ama ameongea kwa ukali, nimeona kijana mgeni kazini akiprinti orodha nzima kwa woga tu na aliyekuja hata karatasi hakuwa nayo. Mwiteni msimamizi, aombe waranti ya hakimu, aisome pole pole aone inataja rekodi gani na za nani, atoe hizo tu. Kwa kawaida waranti ya upekuzi hutekelezwa jua likiwa limechomoza hadi linapotua, usiku ni mpaka korti iwe imeruhusu. Kuna wakati wa dharura sheria inamruhusu afisa kupekua bila waranti, hapo usimzuie kwa mwili wala usibishane, andika jina lake, namba yake ya kazi, kituo, saa na alichochukua, halafu mpigie wakili.

Na kama umegundua rekodi zako zilitolewa kiholela, ama siku 7 zimeisha kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kuandika ama hata kueleza kwa mdomo wakaandika wao, na sheria inataka uchunguzi uishe ndani ya siku 90. Ile kopi yenye muhuri ndiyo utaambatanisha, kwa hivyo usiipoteze.