Kupanga siku ya kazi za nyumbani kijijini bila kukimbizana na jua

Mdogo wangu alipohamia shamba aliniomba nimpangie siku moja ya kazi, tangu alfajiri hadi kulala. Alikuwa na orodha ndefu, lakini orodha haisemi kipi kitangulie. Nilimpa utaratibu huu, ambao ndio ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Panga usiku

Chukua daftari na kalamu. Orodha ya kwenye simu siipendi: chaji huisha, na wenzako nyumbani hawaioni. Karatasi ukutani kila mtu anaisoma.

Gawa kazi mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi zinazojiendea ukishazianzisha: nguo zilizolowekwa, maji yanayotulia, chungu kinachochemka taratibu. La pili ni zinazotaka jua, kama kufua na kuanika. La tatu ni zile za saa yoyote, hata kwa mwanga wa taa: kukunja nguo, kushona, kuchambua mbegu.

Zinazojiendea ndizo za kuanzisha kwanza, hata zikiwa ndogo. Ukianza na kufagia uwanja kwa sababu uwanja ndio unaoonekana, saa nne itakukuta maji bado tope na nguo bado kapuni. Kisha andika jina la mtu mbele ya kila kazi. "Tutachota maji" ni kazi isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 2: Mifugo

Walishwe, wanyweshwe, wakamuliwe, banda lisafishwe. Ukitoka bandani nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chombo chochote cha maji.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo siku nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na hesabu. Lita 20 kwa kila mtu kwa siku ni kiasi cha chini cha kunywa, kupika na usafi wa lazima. Nyumba ya watu sita basi inahitaji lita 120, yaani madumu sita ya lita 20, kabla hujahesabu mifugo na nguo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu lililojaa ni kilo 20 na uzito wake lenyewe. Usimtwike mtoto. Mpe dumu dogo, au tumia toroli kama njia inaruhusu. Maji ya mifugo na ya kufua yateke kwa safari zake, na madumu ya kunywa yatiwe alama yasichanganywe. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani lisitumike kwa maji kamwe, hata ukilisugua mara ngapi.

Maji yakifika na ni machafu, yaache yatulie kwenye ndoo yenye kifuniko hadi mashapo yazame. Kisha yamimine polepole kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, na ukikaribia mashapo, acha. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa dawa ya maji haifanyi kazi. Klorini huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa vijidudu, na mwanga wa jua haupenyi maji yenye tope. Lakini kitambaa hakiui kitu: maji meupe si lazima yawe salama.

Baada ya hapo chagua njia moja:

- Kuchemsha. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika moja. Ukiishi juu ya mita 2,000, dakika tatu. Kuendelea nusu saa ni kupoteza kuni.
- Vidonge au maji ya klorini. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, koroga, subiri dakika 30 kabla ya kunywa.
- Jua. Jaza chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili, zilaze juani saa sita. Mawingu yakitanda, ziache siku mbili kamili. Mvua ikishinda inanyesha, njia hii iache.

Mimi nachagua klorini kwa siku za kawaida, kwa sababu haili kuni na hubaki ikiyalinda maji ndani ya chombo. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi huo. Kikombe kimoja kichafu kikizamishwa, umerudi mwanzo. Pia jua kwamba hakuna hata njia moja kati ya hizi inayoondoa chumvi, floridi au sumu za shambani. Kama kisima kina tatizo hilo, suluhisho ni kutafuta chanzo kingine.

Kuhifadhi ndiko nina msimamo mkali zaidi: dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba, basi. Chombo kilicho wazi hualika mikono. Kama huna budi kutumia mtungi mpana, weka kata yenye mpini mrefu na uitundike, isilazwe chini.

Hatua ya 4: Nguo

Zilizolowekwa alfajiri zifuliwe jua likianza kukaza, nyeupe kwanza. Zenye rangi zigeuze ndani nje unapoanika, zisipauke. Maji ya suuza ya mwisho yasimwagwe ovyo: yatafaa kuoshea sakafu ya choo.

Hatua ya 5: Jikoni

Kuni zilizokauka na kupasuliwa nyembamba, sufuria yenye kifuniko, dirisha wazi. Ukiona moshi mwingi, kuni ni mbichi au umezijaza mno jikoni. Punguza, hewa ipite chini. Wakati chungu kinachemka taratibu, fagia uwanja, ila mtu mmoja abaki karibu kama kuna watoto.

Hatua ya 6: Kabla giza halijaingia

Anua nguo kabla ya umande. Funika kuni za kesho. Jaza dumu moja la akiba, lisiguswe usiku. Kisha rudi kwenye karatasi, futa zilizokwisha, hamisha zilizobaki kwenda kesho. Kazi iliyohamishwa siku tatu mfululizo igawe vipande viwili na kila kipande kipewe mtu wake.