Kichwa cha treni ya mfano kitambae bila kustuka: fanya hivi

Kwenye meza yangu hapa Mwanza nimejenga kipande cha bandari ya Mwanza Kusini, pale mabehewa yanapoingizwa kwenye meli ya MV Umoja. Kusukuma behewa hadi ndani ya meli ni kazi isiyotaka haraka. Reli yetu ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ina upana wa mita moja. Kwa kipimo cha 1:87 inakuwa karibu milimita 12, na kwa udogo huo chembe ya vumbi ni jiwe njiani.

Kichwa kikianza kustuka, wengi hukimbilia namba za dikoda, ile bodi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri za kontrola na kuendesha mota. Nakusihi usianzie huko. Niliwahi kumaliza wiki mbili nikipandisha na kushusha namba, kumbe uzi wa kitenge umejiviringisha kwenye ekseli, maana chumba hichohicho kina cherehani. Umeme kwanza, gia pili, namba mwisho.

Jiwekee kipimo. Mtu akitembea kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kwa 1:87, huo ni mwendo wa mita moja ya reli kwa sekunde 63 hivi. Weka alama mbili, shika simu, hesabu.

Hatua ya 1: reli. Futa kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti ya isopropili, ile ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Msasa weka mbali. Unaacha mikwaruzo, na uchafu unapata pa kukaa. Kisha lehemu waya kwenye kila kipande cha reli, uiunganishe na waya mkuu chini ya meza. Usitegemee viungio vya reli peke yake, kwa sababu unyevu wa ziwa huvila taratibu. Ukimaliza, laza sarafu juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali zaidi na kontrola. Mfumo ukate umeme papo hapo. Usipokata, toa sarafu haraka. Waya zako ni nyembamba au kiungo fulani kimelegea.

Hatua ya 2: magurudumu. Hapa ndipo ugonjwa mwingi ulipo, kwa hiyo usiharakishe. Lowesha tishu kidogo kwa spiriti, uitandaze juu ya reli. Magurudumu ya mbele ya kichwa yakae juu ya tishu, ya nyuma yakae kwenye reli tupu yapate umeme. Shikilia kichwa kwa vidole, fungulia mwendo. Utaona mistari miwili meusi ikijichora kwenye tishu, kama masizi ya sufuria ya mkaa. Sogeza tishu mahali pasafi, rudia mpaka mistari ipotee, halafu geuza kichwa.

Sasa kipindue, uangalie kwa tochi vile vijibati vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa nyuma. Kila kimoja kiguse gurudumu lake hata ekseli ikisogea kushoto na kulia. Kisichogusa, kipinde taratibu kwa kibano, kwa kiasi cha kugusa tu. Kikikandamiza sana kinageuka breki.

Hatua ya 3: gia. Toa nyuzi, nywele na grisi iliyoganda. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ncha ya ekseli. Mafuta ya kula hapana, yanagandamana. Kisha kiache kizunguke nusu saa mbele na nusu saa nyuma kwa mwendo wa kati.

Hatua ya 4: namba. Vigezo vya dikoda huitwa CV. Andika CV3 (kuongeza mwendo) na CV4 (kupunguza mwendo) kuwa 0 kwanza, ili mabadiliko ya polepole yasikufiche ukweli. Chagua ngazi 128 za mwendo kwenye kontrola, weka ngazi ya 1, kisha pandisha CV2, yaani nguvu ya kuanzia, moja moja mpaka magurudumu yaanze tu kuzunguka. Simama hapo.

Kwa kichwa cha bandarini napenda kushusha CV5, yaani kasi ya juu, hadi 120 hivi, karibu nusu ya 255. Kasi hiyo inapungua, lakini ngazi zote zinagawana eneo dogo na kila moja inakuwa laini. CV6, kasi ya katikati, iwe nusu ya CV5 au chini kidogo.

Angalia pia CV29. Ikisoma 6, andika 2. Ikisoma 38, yaani anwani ndefu, andika 34. Unafunga uwezo wa kuendeshwa kwa DC ya kawaida, yaani umeme mtupu usio na amri za dikoda, ambao dikoda ikipoteza ishara unaweza kufanya kichwa kitimke ghafla.

Dikoda nyingi pia hukata umeme wa mota kwa kitambo kidogo sana na kupima volti ambayo mota yenyewe inazalisha ikizunguka, kisha hurekebisha nguvu. Ni msaada mkubwa. Zima uwezo huo unapochunguza gia, maana unaficha kukwama. Namba zake hutofautiana. Soma karatasi ya dikoda yako.

Hatua ya 5: kapasita, kifaa cha kutunza umeme kidogo, kama dikoda inaikubali. Inavusha kichwa juu ya njia panda za reli, pale umeme unapokatika kidogo.

Rudisha CV3 na CV4 utakavyo, kisha andika namba zote kwenye karatasi uibandike ndani ya boksi la kichwa. Kwenye dikoda nyingi, kuandika 8 kwenye CV8 hurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na karatasi hiyo itakuokolea jioni nzima.