Kalamu Kabla ya Mdomo: Namna ya Kukuza Ubunifu Kazini

Katika ofisi nyingi, kikao cha kutafuta mawazo mapya huanza kwa mkuu wa idara kutangaza kwamba leo kila mtu awe huru, kisha yeye mwenyewe hutoa wazo la kwanza. Kuanzia hapo watu saba waliobaki hulizunguka wazo hilo, hulipamba na kulisifia kwa maneno tofauti, hadi chai ya saa nne inapoingia na kikao kuahirishwa. Niliongoza vikao vya namna hiyo kwa miaka kadhaa, nikilalamika moyoni kwamba sina watu wabunifu, kabla sijatambua kwamba watu walikuwapo na mawazo walikuwa nayo, ila utaratibu wangu ulikuwa ukiyaziba kabla hayajatoka. Mwongozo huu unahusu kuurekebisha utaratibu huo, kuanzia kwa mfanyakazi mmoja hadi kwa timu nzima.

Mfanyakazi anayetaka kukuza ubunifu wake asianze kwa kutafuta mawazo. Aanze kwa kukusanya kero. Achukue daftari dogo la kuingia mfukoni, na kwa muda wa wiki mbili aandike kila jambo linalomchelewesha, linalorudiwa bila sababu, au linalomfanya mteja aulize swali lile lile mara ya tatu. Asiandike kwa jumla kwamba "huduma ni ya polepole," bali aandike alichokiona: "mteja amepewa fomu kaunta ya pili, akarudishwa kaunta ya kwanza kugongewa mhuri, kisha akaambiwa fomu hiyo ni ya zamani." Sentensi ya kwanza haizai kitu, ilhali ya pili ina mahali patatu pa kuingilia, yaani fomu, mhuri na mpangilio wa kaunta.

Kero moja ikishachaguliwa, ipewe muda. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliigawa safari ya wazo katika hatua nne, ambazo tunaweza kuziita maandalizi, kuatamia, kuangaziwa na kuhakiki. Hatua ya pili ndiyo inayodharauliwa zaidi maofisini, kwa sababu kuku anayeatamia huonekana hana kazi. Njia nyepesi ya kuitumia ni kusoma kila kinachohusu tatizo jioni moja, kuandika majibu matatu hata kama ni dhaifu, kisha kuliacha hadi kesho yake. Anayeruka maandalizi akategemea mwanga utamjia akiwa kwenye daladala anaatamia kiota kitupu.

Kwa upande wa timu, mambo ni mazito zaidi, na hapa inabidi tuitilie shaka methali tunayoipenda, kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Mtindo wa watu kukaa pamoja na kutoa mawazo kwa sauti ulienezwa na Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, aliyefafanua kanuni zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1953: msikosoane, toeni mawazo kwa wingi, karibisheni yale ya ajabu, na jengeni juu ya wazo la mwenzenu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliozungumza pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, ambao mawazo yao yalijumlishwa baadaye. Waliofanya kazi peke yao walipata mawazo mengi zaidi. Watafiti wengine, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, walionyesha mwaka 1987 kwamba sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: katika kundi mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja, na wengine, wakisubiri zamu, husahau walichotaka kusema au hukiona hakifai tena.

Kwetu kuna sababu nyingine, nayo ni heshima. Kijana aliyemwamkia mkuu wake shikamoo saa mbili asubuhi hawezi kumpinga hadharani saa nne, na hatupaswi kumlaumu kwa malezi mema aliyopewa. Badala ya kumhimiza awe jasiri, ni busara kupanga kikao ambacho hakimdai ujasiri huo.

Dawa ya matatizo yote mawili ni kuandika kabla ya kusema. Njia ninayoipendekeza ilitungwa na Mjerumani Bernd Rohrbach mwaka 1968. Watu sita huketi kuizunguka meza, kila mmoja na karatasi yake, na kila mmoja huandika mawazo matatu kwa dakika tano bila kuzungumza. Dakika zikiisha, kila mtu humpa jirani karatasi yake, na anayeipokea huyasoma yaliyoandikwa kisha huongeza matatu yake, ama mapya ama yanayoyaendeleza yale ya mwenzake. Karatasi zikizunguka hadi mwisho, nusu saa imepita na mezani kuna mawazo 108.

Tuseme swali ni kwa nini mteja husimama muda mrefu akisubiri risiti. Karani wa kwanza anaandika, "Inunuliwe printa ya pili." Karatasi inafika kwa keshia, ambaye anajua bajeti imekwisha, naye anaandika, "Printa iliyopo ihamishwe kutoka kwa mhasibu ije kaunta, maana natembea kila risiti." Mtu wa tatu anasoma yote mawili na kuandika, "Risiti itumwe kwa simu, ya karatasi apewe anayeiomba." Katika mazungumzo ya kawaida wazo la printa ya pili lingepingwa papo hapo kwa kukosa fedha, na hayo mawili yaliyozaliwa kutokana nalo yasingefika mezani.

Karatasi zisiandikwe majina. Katibu azikusanye na kuzisoma zote kwa sauti ile ile, bila kukonyeza wala kutabasamu, na mkuu wa idara awe wa mwisho kutoa maoni. Uchaguzi usifanyike siku hiyo. Ufanyike kesho yake, ambapo kila mtu hupewa kura tatu za kuweka alama kwenye mawazo anayoyaona yanafaa, kwa kuwa akili ya kuzalisha na akili ya kuchuja zikiitwa pamoja, ya kuchuja hushinda daima.

Katika kupanga nani aalikwe, watu wa mbele wasisahauliwe: mlinzi wa getini, mhudumu wa mapokezi, dereva. Hao huona jinsi wateja wanavyozipindisha huduma zetu kwa matumizi yao, na mapindo hayo mara nyingi ni mawazo yaliyokwisha kukomaa. Huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu, lakini wakati wa majaribio ilionekana kwamba watu waliitumia pia kutumiana fedha wao kwa wao. Waendeshaji wangeweza kuyahesabu matumizi hayo kuwa makosa ya wateja. Wao waliyafuata, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kazi yake kubwa ikawa ni kutuma pesa nyumbani.

Baada ya kikao ndipo ubunifu mwingi hufia. Katika ofisi moja niliyopata kufanyia kazi kulikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo wake ulikuwa umepotea. Lilipovunjwa, ndani mlikuwa na karatasi za peremende na barua ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mwandiko safi, ya mwenzetu aliyekuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia. Toyota ilianzisha utaratibu wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, nao haukuishia kwenye kupokea karatasi, kwani wanaopendekeza hupewa zawadi. Hata ofisi isiyo na fedha za zawadi inaweza kuweka sharti kwamba kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba, pamoja na yale yaliyokataliwa na sababu ya kukataliwa kwake, na kwamba likikubaliwa, jina la mwenye wazo liingie katika muhtasari wa kikao endapo ameridhia kutajwa.

Wazo lililochaguliwa lijaribiwe kwa udogo: kaunta moja, wiki mbili, kiasi cha fedha kilichotajwa mapema, na kipimo kimoja ambacho kila mtu anakielewa, kwa mfano dakika anazosubiri mteja. Likishindwa, maelezo yake yahifadhiwe kwenye faili ambalo kila mfanyakazi anaruhusiwa kulifungua. Mwaka 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M alipata gundi isiyoshika sawasawa, akaendelea kuwaeleza wenzake habari zake kwa miaka, hadi mwaka 1974 Art Fry, aliyechoshwa na alama za karatasi kudondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akaikumbuka. Vikaratasi vyao vya kubandika na kubandua vilianza kuuzwa kote Marekani mwaka 1980.