Kabla Hujabonyeza Kozi ya Fedha, Hesabu Yuniti

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, meza yangu ya kulia hapa Section 58, Nakuru, hugeuka ofisi. Juzi alifika mpwa wangu kutoka Njoro, kijana wa kaka yangu mkubwa, ameshika karatasi aliyoikunja mara nne. Ndani aliandika kozi tano: BCom (shahada ya biashara), Uchumi na Takwimu, Aktuaria (hisabati ya bima na hatari), Usimamizi wa Biashara, na moja yenye jina refu lililoishia na "ya Kimataifa". Hiyo ndiyo aliyoipigia mstari.

"Shangazi, ipi ina pesa?"

Nikamwambia aketi kwanza, chai iko.

Mimi ni mhasibu wa Sacco hapa mjini. Kabla ya hapo nilikagua hesabu za watu miaka sita nikiwa na kampuni ndogo ya wakaguzi Kisumu. Kozi yangu ya chuo niliichagua kwa jina, vilevile kama huyu kijana, na nililipia kosa hilo. Kwa hiyo ninachomweleza kila anayekuja ni hiki: jina la kozi liache kwanza, tafuta orodha ya yuniti zake, yaani masomo utakayosoma, mwaka wa kwanza hadi wa nne. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti. Usipoipata, muombe mwanafunzi wa mwaka wa nne akuonyeshe transkripti yake, ile karatasi ya yuniti na alama. Akisita, mnunulie chapati.

Sasa chukua biro. Kando ya kila yuniti andika herufi moja. H ni hisabati, takwimu na kompyuta. U ni uhasibu, fedha, kodi na ukaguzi. M ni maneno: kanuni za uongozi, maadili, mawasiliano, utangulizi wa hili na lile. Sizidharau M, lakini hakuna atakayekuajiri kuchambua mizania ya benki kwa sababu ya M. Tulipoifanyia hesabu ile kozi ya "Kimataifa", M zilijaa ukurasa, U zikawa saba tu, na takwimu ilionekana mara moja, mwaka wa kwanza, kama mgeni aliyepotea njia. Mpwa wangu akakuna kichwa.

Angalia pia yuniti hizo zinapanda au zinarudia. Uhasibu wa kwanza, wa pili, kisha hesabu za makampuni yaliyoungana, kisha ukaguzi: hiyo ni ngazi. Utangulizi nne zilizopangwa sambamba zitakuacha chini ya ngazi hiyohiyo miaka minne.

Jambo la pili ndilo lililoniuma mimi. Kazi za fedha nchini zina mitihani yake nje ya chuo. Ukitaka uhasibu na ukaguzi, utafanya CPA, mitihani ya uhasibu ya Kasneb, bodi ya mitihani ya hapa Kenya. Ukitaka uwekezaji, kuna CIFA, nayo ni ya Kasneb, au CFA ya Marekani yenye viwango vitatu. Mwanaaktuaria ana mlima wake mwenyewe wa mitihani, na wengi hapa huupanda kupitia taasisi ya wanaaktuaria ya Uingereza. Digrii nzuri hukusamehe baadhi ya karatasi hizo, na msamaha hutegemea ulisoma nini hasa. Nilipopeleka transkripti yangu nilisamehewa karatasi chache mno, na kusamehewa kwenyewe hulipiwa. Nikafanya upya karatasi ya Uchumi, mimi niliyesoma uchumi mihula miwili, enzi hizo mitihani ikiwa Mei na Novemba. Mwenzangu wa dawati la pili, aliyesoma BCom ya uhasibu, alikuwa ameshaniacha mbele. Jumamosi yeye alikuwa Dunga, ufukweni, akila samaki, mimi nimejifungia na vitabu hadi usiku. Basi kabla ya kuchagua, uliza idara swali moja: "Waliomaliza hapa husamehewa karatasi zipi?" Wakikujibu kwa orodha, vizuri. Wakikujibu kwa hotuba, ondoka.

Kuhusu kozi zenyewe, maoni yangu ni haya. Ukijua unataka benki, Sacco, kodi au ukaguzi, chukua BCom, njia ya uhasibu au fedha. Egerton iko hapo Njoro, Kabarak ni mwendo mfupi kutoka mjini, Maseno iko upande wa Kisumu. Huna haja ya kulia eti hukupata Nairobi. Aktuaria ni ya anayeipenda hisabati hata pasipo mtihani. Kama uliipata hisabati kwa kukariri, mwaka wa pili utakukuta. Uchumi na Takwimu ndiyo ninayoipenda kwa mtu ambaye bado hajaamua, maana H zake hufungua milango mingi, na U unaweza kuziongeza kwa CPA jioni. Alama za klasta, zile za masomo ambayo kozi inayataka, zitakukata au kukupitisha, hilo litazame mapema kwenye tovuti ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni. C+ ya jumla ni ya kuingilia getini tu.

Ushauri wa biashara, ile kazi mpwa wangu aliyoiona kwenye simu watu wakipanda ndege na laptopu, ni habari nyingine. Kampuni za ushauri kama McKinsey na Dalberg wana ofisi Nairobi, na wakaguzi wakubwa PwC, Deloitte, KPMG na EY wana vitengo vya ushauri pia. Hao hawang'ang'anii jina la kozi. Wanataka alama za juu, kisha wanakupa fumbo uwaze kwa sauti mbele yao. Nikamjaribu palepale: matatu ya Nakuru kwenda Njoro huingiza shilingi ngapi kwa siku?

"Siwezi kujua, Shangazi."

Hakuna aliyesema ujue. Kadiria. Viti 14. Raundi tano kwenda na kurudi, hizo ni safari kumi, viti 140. Haijai kila mara, tuchukue thuluthi mbili, abiria kama 93. Tuseme nauli ni shilingi 80, tunapata karibu 7,500. Hapo akanyamaza, kisha akasema: kuna wanaoshuka njiani na wengine wakapanda, kiti kimoja kinauzwa mara mbili. Tena Egerton ikifunga, stendi inapoa. Nikaweka kikombe chini. Hilo la Egerton ndilo wanalolitafuta kwenye mahojiano, na hakulipata kwa mwalimu, amelipata kwa kusimama stendi.

Kwa hiyo anayelenga ushauri achague kozi atakayopata First Class au Second Upper, madaraja mawili ya juu ya digrii, ndani yake, yenye H za kutosha, halafu ajizoeze mafumbo ya namna hii kila wiki pamoja na wenzake wawili watatu. Chuo chenye klabu ya wanafunzi wa fedha inayofanya kazi kweli, si ya fulana tu, kitamsaidia.

La atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, nitalisema haraka: uliza wanafunzi wa mwaka wa tatu walikwenda wapi mwaka jana. Majina ya kampuni na idara, si "mashirika mbalimbali". Sisi kwenye Sacco tukipokea vijana wa atachimenti, wiki ya kwanza tu tunajua nani amewahi kufungua Excel na nani ameisoma ubaoni.

Mpwa wangu aliondoka saa kumi na moja. Kozi mbili alikuwa amezikata kwa biro yangu, ambayo pia aliondoka nayo, na tatu zilizobaki amekwenda kuzitafutia orodha za yuniti. Usiku nikiwa nazima taa, simu ikalia ujumbe.

"Shangazi, hatukutoa mafuta."