VPN inakuficha kwa nani? Jinsi ya kuiweka vizuri na kuipima kama inavuja

VPN ni programu inayopitisha intaneti yako, ikiwa imesimbwa, kwenye seva ya kampuni nyingine. Kabla ya kupakua yoyote, jiulize unataka kujificha kwa nani. Ukiiwasha, anayeweza kufuatilia safari zako mtandaoni anabadilika: kampuni inayokuuzia intaneti inafumbwa macho, na mwenye seva ya VPN anakaa kwenye kiti chake. Jicho limehama, halijaondoka. Ukilielewa hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Bila VPN, kampuni yako ya intaneti haioni kila kitu kama wengi wanavyodhani. Tovuti nyingi siku hizi zinatumia HTTPS, njia ya mawasiliano inayosimba data, kwa hiyo nywila, ujumbe na ukurasa uliousoma vinapita vikiwa vimesimbwa, yaani havisomeki njiani. Inachokiona ni jina la tovuti, na jina hilo hupita wazi mara mbili. Kwanza ni pale kifaa kinapouliza DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, "tovuti hii iko kwenye anwani gani?" Pili ni pale kivinjari kinapopiga hodi kwa seva yenyewe, kwani katika salamu za mwanzo za HTTPS jina la tovuti kwa kawaida halifichwi. VPN inayafunika majina hayo kwenye handaki moja, yaani njia iliyosimbwa hadi kwenye seva yake, na tovuti unayoitembelea inaona anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho) ya seva ya VPN badala ya yako. Hata ukiwa ndani ya handaki, kampuni ya intaneti bado inajua kwamba unatumia VPN, umeanza saa ngapi na umetumia data kiasi gani.

Kuchagua

Kuendesha seva ni gharama, hivyo VPN ya bure isiyoeleza inajiendeshaje inastahili kutiliwa shaka. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN ikawa njia ya kukusanya taarifa za programu nyingine ambazo watu walikuwa wakizitumia kwenye simu zao. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 na kufungwa mwaka uliofuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima programu 283 za VPN za Android na kukuta asilimia 18 hazisimbi data kabisa. Watu waliwasha programu, wakaona alama ya ufunguo juu ya skrini, wakaamini wamefichwa.

Fungua sera ya faragha ya kampuni na utafute mambo mawili tofauti: kumbukumbu za shughuli, yaani tovuti ulizofungua, na kumbukumbu za miunganisho, yaani IP yako halisi na saa ulizoingia na kutoka. Kampuni nyingi hukana za kwanza kwa sauti kubwa huku zikihifadhi za pili, na hizo za pili zinatosha kukutambua. Tafuta pia ripoti ya ukaguzi wa nje iliyochapishwa nzima, uangalie ilikagua nini na lini. Ushahidi ulio bora zaidi ni ule wa tukio: Aprili 2023 polisi wa Sweden walikwenda na hati ya upekuzi kwenye ofisi za kampuni ya VPN ya Mullvad wakitaka data za wateja, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu data hizo hazikuwepo.

Kwa itifaki, yaani kanuni ambazo VPN inatumia kujenga handaki, chukua WireGuard au OpenVPN. WireGuard ni nyepesi na hailemei betri sana. OpenVPN husaidia kwenye mitandao inayozuia VPN, maana inaweza kupitishwa kwenye TCP (njia ya kawaida ya kusafirisha data) mlango 443, mlango uleule wa HTTPS. PPTP, itifaki ya zamani, achana nayo, kwani namna yake ya kuthibitisha nywila ilivunjwa hadharani mwaka 2012.

Kuiweka

Kwenye Android, ukishaunganisha mara ya kwanza, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, ingia sehemu ya VPN, bonyeza gia iliyo pembeni ya jina la VPN yako. Kuna swichi mbili: "Always-on VPN" na "Block connections without VPN". Washa zote. Ya kwanza inairudisha VPN kila inapokatika. Ya pili inazuia data kupita njia ya kawaida wakati VPN bado haijarudi. Halafu iondoe programu ya VPN kwenye vizuizi vya kuokoa betri, la sivyo simu itaiua kimyakimya skrini ikizimwa.

Kwenye iPhone kuna tatizo lililokwisha kujulikana: miunganisho iliyofunguliwa kabla ya VPN inaweza kuendelea nje ya handaki. Unganisha VPN, washa hali ya ndege kwa sekunde chache, kisha izime. Inapunguza tatizo ingawa haitoi uhakika kamili.

Kwenye kompyuta, washa kizuizi cha dharura ndani ya programu, kinachozuia intaneti VPN ikikatika; mara nyingi kimeandikwa "Kill switch". VPN inayokaa ndani ya kivinjari kama kiendelezi inafunika kivinjari hicho peke yake. Barua pepe na programu nyingine zinaendelea kupita wazi.

Unapotumia Wi-Fi yenye ukurasa wa kuingilia, kizuizi cha dharura kitaufanya ukurasa huo usifunguke. Kizime, ingia, kiwashe tena, ndipo ufungue kitu kingine chochote.

Kupima

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na wengi huparuka. VPN ikiwa imezimwa, fungua tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP na uandike unachokiona. Tuseme ni 203.0.113.45, anwani ya aina ya zamani iitwayo IPv4, na chini yake kuna anwani ndefu ya aina mpya, IPv6, inayoanza na 2001:db8. Washa VPN, pakia ukurasa upya. Sasa IPv4 inasomeka 198.51.100.7. Watu wengi huridhika hapo. Shuka mstari mmoja: kama ile anwani ndefu bado ni ileile, VPN yako imebeba nusu ya safari, na tovuti yoyote yenye IPv6 inakuona kama ulivyo.

Sababu ya kawaida, kama umeweka WireGuard kwa mkono, iko kwenye mstari wa AllowedIPs, unaosema anwani zipi zipite kwenye handaki. Ukiwa na 0.0.0.0/0 peke yake, ni IPv4 tu inayoingia kwenye handaki. Andika hivi:

AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0

Ukikuta seva haina IPv6 kabisa, usiuondoe mstari huo. Ni heri IPv6 ishindwe kutoka kuliko itoke nje ya handaki. Kwa VPN za programu, tafuta swichi ya kuzuia uvujaji wa IPv6, au zima IPv6 kwenye kifaa.

Kisha pima DNS kwa tovuti ya kupima uvujaji, ukichagua kipimo kirefu kinachotuma maswali mengi. Ukiona jina la kampuni yako ya intaneti kwenye orodha, inavuja: orodha ya tovuti unazofungua bado inaifikia. Windows huwa na tabia ya kuuliza DNS kupitia kila kadi ya mtandao iliyopo ili ipate jibu la haraka, na swali moja hupenya nje. Kwa OpenVPN kwenye Windows, ongeza neno block-outside-dns kwenye faili la mipangilio. Ukiona jina la kampuni ya tatu, huenda kivinjari chako kina DNS yake yenyewe. Nenda kwenye mipangilio yake ukaamue kama unataka kampuni hiyo nayo ijue.

Kipimo cha tatu ni WebRTC, teknolojia ya simu za video ndani ya kivinjari, ambayo inaweza kutoboa IP yako halisi. Kwenye Firefox andika about:config, tafuta media.peerconnection.enabled, uiweke false. Gharama yake ni kwamba simu za video kwenye kivinjari hicho hazitafanya kazi.

Mwisho, jaribu kuikata. Kwenye kompyuta endesha ping 1.1.1.1, amri inayouliza seva tena na tena kama inajibu (kwenye Windows ongeza -t isiishe), kisha ukiwa unatazama, iue programu ya VPN kwa nguvu kutoka kwenye orodha ya michakato. Majibu yakisimama, kizuizi kinafanya kazi. Yakiendelea hata kwa sekunde mbili huku handaki limekatika, kizuizi hicho ni cha jina tu. Kutoka kwa kitufe cha kawaida cha "tenganisha" hakupimi kitu, kwa sababu programu nyingi hukizima kizuizi ukikata kwa hiari.

Ukiona VPN imeunganika lakini kurasa nyingine hazimalizi kufunguka, shuku ukubwa wa pakiti, yaani vipande vya data. WireGuard kwa kawaida hutumia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 1420; ishushe hadi 1280 na ujaribu tena.

Yasiyofichwa na VPN yoyote

Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google ukiwa kwenye VPN, Google inakujua kwa akaunti, na IP mpya haisaidii kitu. Vidakuzi, faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari chako, vilivyowekwa jana vinakutambua leo. Ukubwa wa skrini, lugha, fonti na saa za eneo vikiunganishwa vinaweza kukutofautisha na watu wengine wengi hata bila vidakuzi. Programu uliyoipa ruhusa ya mahali inasoma GPS, haiulizi IP. Kwa hiyo tenga wasifu wa kivinjari kwa ajili ya mambo unayotaka yasihusishwe nawe, usiingie akaunti yoyote ndani yake, futa vidakuzi kila ukifunga, na pitia ruhusa za mahali moja moja.

Wi-Fi usiyoijua ina hatari nyingine. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwamba anayedhibiti mtandao anaweza kutumia chaguo 121 la DHCP, huduma inayokipa kifaa anwani na njia kikiingia mtandaoni, kuielekeza data nje ya handaki huku VPN ikionyesha imeunganika. Android haiathiriki kwa kuwa hailishughulikii chaguo hilo. Ukiwa na laptopu mahali kama hapo, chukua intaneti kutoka kwenye simu yako.

Na kama kutambuliwa kunaweza kukugharimu uhuru au maisha, usitegemee kampuni moja inayojua IP yako na pia unakokwenda. Tumia Tor Browser: data yako inapita vituo vitatu, cha kwanza kinajua ulikotoka bila kujua uendako, cha mwisho kinajua uendako bila kujua ulikotoka. Ni ya polepole, na baadhi ya tovuti huikataa.

Rudia vipimo vyote kila baada ya sasisho kubwa la mfumo au la programu ya VPN. Mipangilio huweza kurudi ilivyokuwa bila taarifa, na alama ya ufunguo itabaki palepale juu ya skrini.