Kujiandaa kwa Hija ya Miguu Katika Mvua za Vuli

Anza na miguu. Viatu vipya vizoeze kwa kuvitembelea angalau kilomita 80 kabla ya safari, ukiwa na mzigo uleule utakaoubeba. Chukua jozi tatu za soksi za sufu. Pamba hushika maji, ngozi hulainika, malengelenge yakafuata. Kisigino kikianza kuwaka, simama papo hapo ubandike plasta. Ukingoja kituo kijacho, umechelewa.

Kifuniko cha shanta pekee hakitoshi, kwani maji hupenyea upande wa mgongoni. Tandika mfuko mzito wa plastiki ndani, na nguo za kulalia zikae humo daima.

Jioni toa soli za ndani, jaza magazeti viatuni, uyabadilishe yakilowa. Usivianike karibu na moto: gundi huachia.