Unaenda nje kujitolea kuhasi mbwa na paka? Soma hii kabla hujakata tiketi

Huku Mwanza tumezoea kuona wazungu ndo wanakuja kujitolea, sasa siku hizi na sisi tunaitwa, hasa kwa majirani wa ziwani, unatoka hapa alfajiri unavuka mpaka wa Sirari jioni uko Kisumu, Kenya, kambi ya siku kumi ya kuhasi mbwa koko na paka wa mtaani. Mi sio daktari, nina cheti cha mifugo tu, ila nimeshaenda mara tatu, na wadogo zangu wa Kirumba na Igoma kila siku wananipigia "kaka naendaje", kwa hiyo ngoja niwajibu wote kwa mpigo.

Sindano kwanza, nauli baadae. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hamna dawa, unakufa, na wanaokipata karibu wote wameng'atwa na mbwa. WHO tangu 2018 wanasema chanjo ya kujikinga inatosha dozi mbili zikipishana wiki moja, ila kuna vituo bado wanachoma tatu zinazokwenda mpaka wiki ya tatu au ya nne, so anza mwezi mzima kabla. Na chanjo sio leseni ya kung'atwa hovyo, ukiumwa unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, afu unaenda hospitali hata kama umechanjwa, tofauti ni kwamba wewe utaongezewa mbili tu, siku hiyo na siku ya tatu. Safari yangu ya kwanza mwenzetu mmoja alikuwa hajachanjwa hata moja, mbwa mwenye watoto akamdaka mkono, bwana wee, kumbe asiyechanjwa anahitaji na ile dawa nyingine ya kuchomwa pale pale kwenye kidonda, na haipatikani kirahisi, tulizunguka siku mbili badala ya kufanya kazi. Pepopunda pia angalia kama yako haijaisha muda, na kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasi.

Mpakani usijifanye mwema ukabeba dawa za usingizi kwenye begi. Ketamini inadhibitiwa kisheria, hata kama ni ya mbwa, utamweleza nini askari? Wenyeji wenu ndo wazitafute kwao. Kama we ni daktari kamili, kusajiliwa na Baraza la Veterinari hapa kwetu hakukupi ruhusa ya kupasua Kenya, wale wana bodi yao, omba wenyeji wakufuatilie kibali na kikufikie kwa maandishi kabla hujaondoka. Na kama uko kama mimi, usishike kisu. Atatokea mtu akuambie "shika tu, si mbwa wa mtaani", hilo neno linaniudhi mpaka leo, mana yule mbwa ana maumivu yale yale ya mbwa wa bosi.

Kazi yako itakuwa kushika, kupima uzito, kunyoa tumbo, kuosha vyombo, na kukaa na mnyama mpaka aamke. Hapo kwenye kuamka ndo pagumu kuliko watu wanavyodhani. Mbwa akiwa kwenye nusukaputi mwili unapoa hata kama nje kuna jua la kufa mtu, wadogo na paka ndo wanapoa haraka zaidi, na macho yanabaki wazi yanakauka usipoyapaka dawa. Halafu kuna hili la kwetu watu wa ziwani: mnyama aliyekomaa anatakiwa asile kuanzia usiku, akitapika akiwa amelala matapishi yanaingia kwenye mapafu. Sasa mbwa wa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, utamfungishaje na dagaa zimeanikwa mchangani kila upande? Mmoja aliletwa saa mbili asubuhi, mwenyewe anaapa hajala, kufika mezani anacheua dagaa. Karudishwa nyumbani. Kwa hiyo waambieni wenyeji watangaze mapema mbwa wafungwe tangu jioni, ila vitoto visinyimwe chakula usiku kucha, vyenyewe vinaishiwa nguvu, ni masaa machache tu na daktari ndo aseme.

Swali langu kubwa kabla sijakubali safari yoyote: nyie mkishaondoka, nani anabaki? Jike aliyetolewa kizazi anaweza kufumuka mshono siku ya nne, na wewe huyo umeshafika stendi ya Buzuruga hapa Mwanza unakula chipsi. Uliza jina la daktari wa pale pale na namba yake, uliza kama nyuzi zinayeyuka zenyewe au kuna mtu wa kuzitoa, uliza watawazuiaje wasiingie ziwani kabla kidonda hakijafunga, mana mbwa wa ufukweni maji ndo kwao. Na wenye madume waambiwe kabisa kwamba aliyehasiwa leo anaweza kutia mimba wiki kadhaa mbele, la sivyo watasema mmewadanganya. Wakikujibu "tutaona hukohuko", mimi siendi.

Mizigo haina mambo mengi. Gambuti, tochi ya kichwani, chandarua, nguo za kutupa, na kuoga ziwani sahau, kichocho hakijui kama we umezaliwa Mwanza. Mataulo ya zamani beba mengi kuliko unavyodhani, ya kwetu yaliisha siku ya pili tukaanza kuwafunika mbwa na mashuka yetu.